Akamwani za Luteni Joanitha

“Sitoki humu mpaka uwaambie watu warudi kwao,” Joanitha alisema.

“Mbuzi ameshachinjwa,” nilimjibu kupitia mlango wa chumba. “Naye nimwambie arudi kwao?”

Uani, hapa kwetu Rwamishenye, wageni wa sherehe ya kumpokea walikuwa wameanza kukaa. Binti yangu ni luteni. Ana wiki mbili tangu arudi kutoka Kongo kulinda amani, na muda wote huo amekuwa akinifulia mapazia ambayo hayajachafuka.

“Nimempigia Koplo Muksini wa kikosi chako kumwalika,” nikasema. “Namba nimeitoa kwenye simu yako. Ndiyo, nimepekua. Mguu mmoja haumruhusu kupanda basi kutoka Muleba. Lakini ameniambia yote.”

“Yote yapi?”

“Msafara wenu ulivyoshambuliwa mlimani. Vijana wako walivyokuwa wanamaliza risasi kwa kupiga migomba. Wewe ukatambaa kutoka kwa mmoja hadi mwingine, unamwekea kila mtu akamwani mkononi: ‘Tafuna. Hupigi mpaka niseme.’”

Kahawa hizo za kutafuna nilimfungia mimi, awape wageni. Sikujua zitatuliza kikosi. Muksini alisema vijana walitafuna, wakapiga kwa amri, njia ikafunguka. Kisha yeye akapigwa risasi ya mguu nyuma ya lori la mwisho, na Joanitha akarudi peke yake chini ya risasi, akamburuta kwa mkanda.

Mlango ukafunguka. Macho yalikuwa mekundu.

“Amekwambia nani alimpanga kwenye lori la mwisho?”

“Amesema. Na aliyerudi kumchukua pia amemtaja.”

“Mguu wake, Mama.”

“Mguu umekwenda. Mwenyewe yupo, na anakungoja. Mama yake, Safina, anadhani umewasusa.”

Akakaa kitandani. Nikakaa naye, nikamfunga kifungo cha shati alichokiruka, kama alipokuwa darasa la kwanza.

“Nikifika niseme nini?”

“Usalimie. Halafu ule.”

Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono. “Hiyo nyama kina Muksini watakula?”

“Amechinja Baba Hamidi, kama kila sherehe hapa. Ningekuwa jirani gani kama majirani Waislamu wangekuja kunitazama tu nikila?”

Alichungulia dirishani, akahesabu magari. Kisha akachukua kifurushi cha akamwani mezani, akatoka uani.

“Baba Hamidi, sufuria la ndizi za ebitoke liende kwenye pikapu. Mjomba Kahigi, chukua nyama. Wengine gawaneni kwenye magari. Sherehe inahamia Muleba, sasa hivi.”

“Waitu, na maturubai je?” Kahigi akauliza.

“Yabaki.”

Watu wazima wale, ambao mimi huwabembeleza nusu saa wasogeze kiti, walinyanyuka wote kwa pamoja.

“Mama, wewe nyuma, shika sufuria lisimwagike.”

Nikajifunga khanga, nikapanda, nikashika.