Maharage ya Dirishani

Kwenye dirisha la jikoni kulikuwa na vikombe sita vya plastiki, na Bi Mboji alikuwa ameviinamia kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Vitatu vya kushoto alivijaza mboji ya shimo lake mwenyewe, ya maganda, majani makavu na mavi ya kuku. Vitatu vya kulia alivitia udongo uliochanganywa na samadi ya ranchi. Mbegu za maharage zilezile, maji yaleyale, jua lilelile. Leo siku ya kumi na nne. Maharage ya kushoto yalikuwa yamekunjua majani mapana. Ya kulia yalikuwa yamejisokota, ncha zimeangalia chini, mashina yamepinda kama vidole vya mgonjwa wa baridi yabisi.

Nje ya geti magurudumu ya toroli yalikuwa yakilia. Wanawake wa mtaa walikuwa wamefika, kaya kumi na moja, kila mmoja na koleo lake.

"Maji yamezidi," alisema kaka yake, akiwa mezani na kikombe cha chai.

"Nimemwagilia kwa kijiko, kaka. Kijiko kimoja kila kikombe."

"Basi ni jua."

"Jua limechagua upande wa kulia tu?"

Kaka yake alipuliza chai iliyokwisha kupoa. Alikuwa msimamizi wa malisho kwenye ranchi kubwa nje ya mji, na ndiye aliyeleta samadi ile kwa pikapu ya kazini, safari nne, bure kabisa. Sasa ilikuwa imejaa uani, kilima kilichopita paa la banda la kuku. Asubuhi hii alikuja na simu mkononi kwa sababu bwana mkubwa wa ranchi alitaka picha: akina mama wakipokea, akina mama wakicheka. Matajiri hawatoi hata mavi bila kupigwa picha.

"Mlipuliza dawa gani malishoni?" Bi Mboji aliuliza.

"Mdogo wangu, ng'ombe wanakula na wananenepa. Hakuna aliyekufa."

"Sikukuuliza nani amekufa."

Kaka yake aliinuka, akafunga mlango wa jikoni taratibu. "Nyumba ninayokaa ni ya ranchi. Miaka kumi na tisa nimewatumikia, imebaki miwili nipate kiinua mgongo. Ukifungua mdomo wako huo, wifi yako atalala wapi? Kwenye matuta yako ya mchicha?"

 Bi Mboji alikuwa anakumbuka, na akikumbuka hakumbuki nusu. Zamani, mama yao alikuwa mfungaji wa maua yaliyopulizwa dawa katika shamba la watu. Kila asubuhi nyapara aliwaambia glavu zinakuja kesho. Kesho hiyo ilichukua miaka sita, mpaka ngozi ya viganja vya mama ikawa inabanduka kama ganda la kitunguu. Hapo kaka yake, kijana wa miaka kumi na sita, akamfuata nyapara mbele ya watu wote akamwambia, "Vua zako umpe mama." Alifukuzwa siku hiyohiyo. Ni kwa ajili ya viganja vile Bi Mboji aliapa dawa ya dukani haitagusa mboga yake, na ni kwa ajili hiyo aliwafundisha majirani kuozesha maganda, kuponda mwarobaini na pilipili, kunyunyiza majivu. Walimwamini. Akisema safi, ni safi. Na samadi hii, kabla hata ya kupanda maharage, alikwisha kuwaambia ni safi kwa sababu imeletwa na kaka. Hapo ndipo alipokosea: alipima baada ya kuahidi.

"Bi Mboji!" Sauti ya fundi cherehani ilipanda juu ya geti. "Fungua basi! Tumekuja kuchukua mavi, hatukuja kuposa!"

Wakaangua kicheko. Bi Mboji akachukua vikombe viwili, kimoja kila mkono, akaenda kufungua.

Aliwaeleza. Aliwaonyesha jani pana na jani lililojisokota. Muuguzi mstaafu alivaa miwani, akakigeuza kikombe. Fundi cherehani hakungoja.

"Mazuri haya, na haya yamekasirika kama mwenyewe. Shoga, mche wa maharage ndio utukoseshe samadi ya bure?"

"Mitatu. Yote mitatu ya upande mmoja."

"Mwaka juzi ukatwambia mbolea ya dukani inaua udongo, tukaitupa. Ukatwambia tuweke maganda, nyumba zikanuka, waume zetu wakahamia barazani. Tumevumilia. Leo kimekuja cha bure umekiona kina sumu? Au unataka ubaki nacho peke yako?"

Neno hilo lilimchoma. Makoleo yalikwisha kuingia kilimani. Bi Mboji alipanda juu ya samadi na buti zake, akazama mpaka kwenye vifundo, akatanua mikono.

"Sikilizeni! Hii ikiingia kwenye matuta, nyanya zitajikunja, kunde zitajikunja, mwaka huu na labda mwaka ujao. Dawa ya malishoni imepita tumboni mwa ng'ombe ikatoka nzima. Mvua haitaiosha!"

"Nani kakwambia walipuliza dawa?" aliuliza muuguzi, kwa upole.

Bi Mboji aliangalia nyuma. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, uso umekauka. Kumtaja ilikuwa rahisi kama kunyoosha kidole. Alimwona wifi yake na magodoro barabarani. Akashusha mikono.

"Maharage yameniambia."

Walicheka, na yeye hakuwalaumu. Toroli la kwanza lilijaa mpaka juu. Fundi cherehani alilishika mikono, akalielekeza getini, kisha akasimama na kujitengeneza kilemba.

"Kaka, tupige picha basi, mimi ndiye mzuri kuliko wote hapa. Halafu niambie, kwako umeiweka kwenye nini? Maana mchicha wa wifi niliuona, mrefu kama askari."

Aliuliza bila hila, kama jirani anavyouliza jirani. Kaka aliinamia simu. Makoleo yakaanza kunyamaza, moja, jingine.

"Kaka?"

"Kwangu..." Alishusha simu. "Kwangu sijaiweka."

"Kwa nini?"

Alimtazama dada yake juu ya kilima, buti zimezama. "Tulipuliza dawa ya magugu. Miezi mitatu imepita. Dumu limeandikwa, samadi isipelekwe bustanini. Wakaguzi wanakuja wiki ijayo, tukaambiwa iondoke."

"Iondoke," fundi alirudia. "Ikaja kwetu. Na ulitaka picha yangu nikicheka."

Hakumtukana, na ingekuwa nafuu angemtukana. Aligeuza toroli, akalisukuma mpaka kwenye pikapu ya ranchi iliyoegeshwa nje, akaliinua, akamwaga lote nyuma. Wa pili akafuata. Wa tatu. Waliendelea mpaka springi za gari zilipolala na kilima kikapungua robo. Kisha Bi Mboji akapanda mbele, na matope yake, akafunga mlango. Kaka yake alikaa kwenye usukani, ufunguo mkononi.

"Mlinzi wa ranchi hatatufungulia."

"Basi tutaimwaga getini. Kisha tutarudi kuchukua iliyobaki."

"Na wifi yako?"

"Atalala kitandani kwangu, mimi nitalala chini. Washa."

Injini ilikohoa, ikazima. Nyuma, wanawake walikwisha kupanda na makoleo yao, na fundi cherehani alipiga paa kwa kiganja.

"Dereva, twende! Inanuka huku!"

Kaka yake alivuta pumzi, akazungusha ufunguo tena. Gari likawaka.