Fidla ya Daktari Abdullatif

Watu wa Bagamoyo tuna adabu nyingi, na mimi Shamsudin, fundi friji, nasema adabu hiyo siku moja itatuzika. Hapa kwetu ukikaribishwa pilau lililoungua unakula, unalamba vidole, kisha unauliza nani kapika ili umwombee dua. Ukishatoka nje ndipo unapotafuta maji ya kusukutua.

Kwa adabu hiyo hiyo tulimpokea Daktari Abdullatif alipotoka kwao Pangani kuja kufungua zahanati nyuma ya soko. Alishuka na mkoba wa vipimo mkono mmoja na fidla mkono wa pili. Hazikupita wiki nyingi akajiunga na klabu yetu ya taarabu, Sururi Njema, ambamo mimi hupiga ngoma ya dumbaki. Tukampa kiti cha mbele kwa kuwa ni daktari. Akaweka fidla begani, akafumba macho, akapiga, na mimi nikadhani kuna paka kabanwa na mlango.

Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wetu, ni mtu ambaye hata akikanyagwa yeye ndiye huomba radhi. Alijifuta macho kwa leso akasema tangu azaliwe hajasikia mkono kama ule. Wengine tukadakia mashaallah, mashaallah. Daktari akainamisha kichwa kwa haya, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumwondoa kwenye kiti kile.

Sasa nimtendee haki. Kwa udaktari hana mfano. Akiitwa Kerege alfajiri anapanda bodaboda anakwenda. Mlinzi wa mbuga aliyepigwa pembe na nyati kule Saadani, yeye ndiye aliyemfuata na kumshona. Akina mama wanaoshuka kutoka Miono na watoto wenye homa hawaulizwi kitu mpaka mtoto ameshatibiwa. Mgonjwa asiyekuwa na cha kulipa aliambiwa akae tu asikilize wimbo mmoja, basi, deni limekwisha. Wapo waliotoka mbio kwenda kukopa ili walipe.

Ukutani kwa zahanati kuna benchi la kusubiria, na daktari akipata nafasi kati ya mgonjwa na mgonjwa alipiga mle ndani. Nimewaona kwa macho yangu watu waliofika wakichechemea wakainuka wakaondoka kwa miguu yao. Walipoulizwa, walisema wamejisikia nafuu.

Lakini vituko vyenyewe vilikuwa harusini. Mnajua mambo ya kutunza: wimbo ukikukolea unainuka, unakwenda mbele kwa maringo, unampa mwimbaji au mpigaji noti yako na unarudi kukaa. Watu wetu waligundua kwamba ukimtunza daktari na kumkumbatia, mkono wake hunaswa na upinde husimama. Basi ikiwa zamu yake ya kupiga peke yake, ukumbi mzima ulipanga foleni. Huyu akimwachia, yule anamdaka. Kuna harusi moja daktari alikumbatiwa tangu mwanzo wa kipande chake hadi mwisho, na watu wakasema hapo ndipo alipopiga vizuri zaidi.

Maskini daktari aliona mapenzi. Kila noti aliyopewa aliinunulia dawa za wasiojiweza, na zahanati haikukosa dawa hata siku moja. Namna tulivyotaka kumnyamazisha ndivyo watoto wa Miono walivyopona.

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka tufe, lakini Mwinyijuma hajui kukadiria sifa. Kwenye harusi moja mwezi wa Mfungo Tatu alishika kipaza sauti akatangaza kwamba kipaji kama kile ni dhambi kukiacha kipotee kwa kudunga watu sindano. Watu wakapiga makofi. Daktari akasimama, machozi yanamlengalenga, akasema neno hilo amelingoja maisha yake yote. Ametutumikia kwa dawa, sasa atatutumikia kwa muziki. Mwisho wa mwezi anafunga zahanati ahamie Unguja, akapige fidla asubuhi na jioni.

Tukapiga makofi tena. Ndiyo, tulipiga, na wanawake wakapiga vigelegele, ukumbi mzima ukimshangilia daktari wake anayeondoka. Mikono yangu nayo ilikuwa inagongana huku nikiwaza nyumbani kwangu.

Mke wangu Mardhiya alikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya hapo tulizika watoto wawili, wote kwa sababu ya presha inayompanda akiwa mjamzito. Safari hii Daktari Abdullatif alimshika mwenyewe tangu mwanzo, akampa vidonge, akawa anapita nyumbani kumpima. Hakuna mwingine aliyeijua hali yake. Nilirudi nyumbani nikamweleza, naye akasema inshallah kheri, daktari naye ana haki ya kufurahi. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Kesho yake nilimwendea Mwinyijuma nikamwambia kaliharibu mwenyewe, alitengeneze mwenyewe. Tukamchukua na Bi Raya, mwimbaji wetu mkubwa, kwa kuwa daktari humheshimu kama mama yake. Tukakubaliana njiani kwamba Mwinyijuma ndiye atakayesema, tena kwa upole, ila aseme.

Daktari alitukaribisha ndani, akatoa kahawa na halua. Shikamoo zikaitikiwa, hali za nyumbani zikaulizwa, za mashambani nazo, za jamaa wa Pangani mmoja mmoja. Kisha Mwinyijuma akakohoa akaanza. Alisema muziki ni bahari. Akasema bahari ina vina. Akasema yeye binafsi, kila akiisikia fidla ile, hukumbuka mambo mengi. Bi Raya alimkanyaga mguu, naye akamwomba radhi, kisha akamalizia kwa kusema Unguja wamepata bahati kubwa.

Hapo damu ikanipanda.

"Daktari," nikasema, "hujui kupiga fidla."

Mwinyijuma akafumba macho. Daktari akanitazama huku kikombe kimemkaa mkononi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu uje."

Akamgeukia Bi Raya. Bi Raya ana ulimi mkali kwa kila mtu isipokuwa kwa aliyemtibu, na daktari alikwisha mtibu mara nyingi. Alivuta ushungi wake, akausawazisha, akauvuta tena. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mimi huimba kwa kukukimbia. Ukija huku mimi naenda kule. Wewe ni mtu mwema mno, hatukuwa na pa kuanzia."

Daktari akaweka kikombe chini. Nilimwonea huruma ambayo sikuitegemea, maana nilikwenda pale na hasira. Aliuliza kuhusu kutunzwa, na kwa nini watu walikuwa wakimkumbatia vile. Nikamweleza. Uso wake ulishuka kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu mbele za watu. Mwinyijuma hakuweza kuvumilia kumwona hivyo, akaona amtie moyo.

"Lakini dawa zako, daktari," akasema, huku akijifuta macho kwa leso, "dawa zako ni shifa tupu. Tangu nizaliwe sijaona mkono kama huu."

Daktari akainua kichwa polepole. Miaka yote ile hakuwahi kusikia fidla yake inapokosea, lakini hapo masikio yalimzibuka. Alimtazama Mwinyijuma, akaitazama leso, ile ile iliyoisifu fidla, akaniuliza mimi.

"Shamsudin, Mardhiya anameza vidonge?"

"Anameza, alhamdulillah," nikajibu.

"Umemwona akimeza?"

Nilichokuwa nimekiona ni Mardhiya akimwambia daktari kwamba anameza. Yeye husema vizuri sana, kwa tabasamu, na hapo hapo humwekea juisi ya ukwaju.

Daktari hakungoja. Alichukua mkoba wa vipimo, akatoka na sisi watatu nyuma yake, Mwinyijuma akihema kwa kujaribu kutuwahi. Mardhiya alitupokea mlangoni kwa furaha. Alisema hajambo kabisa, hana hata kichwa kinachomuuma, karibuni ndani. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi ndara hazimwingii, na mimi mumewe, ninayelala naye nyumba moja, nilikuwa nimeridhika kuambiwa ni joto.

Daktari alimkalisha, akajikunyata sakafuni mbele yake ili asimtazame kwa juu.

"Mwanangu, wamekwisha niambia habari ya fidla. Sina tena cha kuvunjika. Vidonge unameza?"

Mardhiya alinitazama mimi, akamtazama Bi Raya, akainama.

"Vinanitapisha, daktari," akasema. "Nimeviacha tangu mwezi jana. Wewe unahangaika nami hivi, sikutaka kukuvunja moyo."

Akampima mkono wa kulia, akampima wa kushoto. Alipomvua kifaa cha presha alikuwa amekunja uso, akaniambia nitafute gari upesi, anampeleka hospitali kubwa yeye mwenyewe. Mwinyijuma akasimama kizingitini akaanza kusema kwamba kwa mikono ya daktari huyu hakuna la kuogopa. Bi Raya alimwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza alinyamaza.

Niseme mapema nisiwatese: alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike, mdogo wa kutisha, na wote wawili wako hai. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli. Daktari hakwenda Unguja. Siku hizi ukimwambia umepona anakwambia vua shati aone, na nusu ya mji imekasirika kwamba amekosa adabu.

Lakini kilichonikaa rohoni ni cha ndani ya gari siku ile. Daktari alikaa mbele na dereva, anatazama njia. Mimi nyuma nimempakata Mardhiya kichwa chake begani kwangu, macho yake hayaoni vizuri tena, mwenyewe ameshajua anakopelekwa na kwa nini. Akanivuta ukosi nimsogezee sikio.

"Ni kweli mmemwambia fidla yake mbaya?"

Nikamwambia ni kweli.

"Maskini," akasema. "Mngemficha tu."