Moshi wa Kilomita Kumi na Sita

Shemeji yangu ananawa mikono kama mtu anayekwenda kupasua mgonjwa. Sabuni, kucha, viwiko, halafu anapunga mikono hewani mpaka ikauke, maana taulo, anasema, lina vumbi. Ndiyo maana kituo chetu cha hali ya hewa kilimpa kazi ya kurusha maputo. Anajaza gesi, anafunga kamba, ananing'iniza kisanduku kinachopima hewa njia nzima mpaka puto lipasuke huko juu. Mimi nakaa ndani nasoma namba zinazotumwa na kisanduku, na nachekesha watu. Hiyo ya pili hailipwi, lakini ndiyo ninayoifanya kwa bidii.

Msimu huu mtafiti mmoja alituletea visanduku vipya vya kuhesabu moshi na vumbi hewani. Kila kimoja kina mrija mwembamba kama wa soda, unaovuta hewa. Mvua za msimu zilikuwa zimekolea, radi kila alasiri. Puto la kwanza likapanda. Huku chini moshi tele, si ajabu: majiko, malori, tanuri za matofali. Kwenye mawingu ukapungua. Sawa, nikasema, mvua inaosha hewa. Nilifundishwa hivyo chuoni, na diploma yangu iko ukutani, na kioo chake. Kufika kilomita kumi na sita, namba zikapanda tena.

"Huko juu nani anapika?" nikasema peke yangu.

Puto la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Nikakata shauri: mrija una mafuta ya vidole, na baridi ya kule juu inayabandua yahesabiwe kama moshi. Na mrija unashikwa na mtu mmoja tu. Nikapiga mistari ya wino mwekundu juu ya zile namba, nikaandika pembeni: mrija mchafu, uzembe wa fundi.

Laiti ningeishia hapo. Saa ya chai tumekaa wote kwenye benchi chini ya paa la ghala, mkuu wa kituo, karani, mlinzi na sisi wawili. Shemeji akanyoosha mkono achukue kikombe.

"Hebu ngoja, shemeji," nikamwambia. "Tuonyeshe mikono kwanza. Hiyo mikono imechafua hewa mpaka mbinguni."

Karani alicheka mpaka akamwaga chai. Mlinzi akashika mbavu. Shemeji akageuza viganja, juu, chini, polepole, kama mtoto anayekaguliwa shuleni. Vilikuwa vyeupe kwa sabuni. Akavitia mfukoni, akaondoka. Chai hakunywa, na tangu siku ile hakukaa tena kwenye benchi letu.

Wiki ileile mkuu akasoma nilichoandika, akamhamishia shemeji kwenye kazi ya kufyeka nyasi kuzunguka vipimo vya mvua. Jumapili hakuja kula kwetu. Jumapili ya pili pia.

"Kaka yangu ana nini?" mke wangu akauliza.

"Kazi nyingi."

"Za nyasi?"

"Si unaona mvua ilivyo. Zinaota mtu akizigeuzia mgongo."

Hakucheka. Na mke wangu hucheka hata nikimsomea orodha ya dukani.

Puto la nne nililirusha mwenyewe. Nilinawa mara mbili, nikavaa glovu mpya, mrija sikuugusa hata kwa pumzi. Siku hiyo radi ilikuwa kubwa kuliko zote. Kilomita kumi na sita: moshi, tena zaidi. Nilikaa mbele ya kompyuta masikio yanawaka. Halafu nikachapa karatasi, nikaikunja mara nne, nikaizika kwenye droo chini ya kalenda ya mwaka juzi. Kwenye ripoti nikaandika kwamba puto lilipasuka mapema.

Mwezi mzima shemeji akawa anapita dirishani kwangu na fyekeo begani. "Za asubuhi, shemeji," ananisalimia, maana kalelewa vizuri. "Salama," namjibu, huku nikitafuta kitu chini ya meza.

Mtafiti mwenye visanduku akaja, mama wa makamo mwenye viatu vya mvua. Akatandaza michoro mezani kwangu.

"Vituo vingine vitatu vimeona moshi huu wa juu," akasema. "Chenu tu ndicho kilichoufuta kwa wino mwekundu."

"Mama, si mvua inaosha hewa?"

"Inaosha vumbi jingi. Gesi nyingine za moshi zinaiponyoka. Pepo za msimu zinazoa moshi wa miji na mashamba, zinausukuma chini ya mawingu ya radi, na yale mawingu yanaunyanyua kama bomba la moshi la jikoni. Ukifika kule juu, zile gesi zinazaa chembe mpya. Na upepo wa kule unazunguka tu, kwa hiyo haziondoki haraka. Ndiyo ninayoyatafuta miaka sita sasa."

"Kwa hiyo mrija..."

"Mrija ulikuwa safi kuliko wa kituo chochote. Huyo fundi wenu yuko wapi nimpe mkono?"

Nikatazama dirishani. Na yeye akatazama. Shemeji alikuwa ameinama kwenye manyunyu, anafyeka.

"Linaloniuma ni puto la nne," akaendelea. "Siku ya radi kubwa namna ile, na lenyewe likapasuka. Basi, bahati mbaya."

Ningeweza kunyamaza. Angefunga mkoba wake, aende zake, na ile mistari mitatu ingekuwa kosa la mtu mwenye diploma ya zamani. Nilitafuta utani, nikapata ufunguo wa droo.

"Halikupasuka," nikasema, nikafungua droo.

Akaisoma karatasi, akaigeuza, akatazama tarehe.

"Ulijua tangu mwezi uliopita?"

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Akaipiga picha kwa simu, akanirudishia. "Hii peleka mwenyewe," akasema.

Nikatoka bila mwavuli. Nikamweleza shemeji yote, mpaka kalenda ya mwaka juzi. Alinisikiliza huku akitoa nyasi kwenye makali ya fyekeo.

"Nisamehe, shemeji. Nimekupaka matope na nikajua ni matope. Sasa hivi naingia ofisini kwa mkuu nimwambie."

"Ofisini? Mfunge na mlango?"

Nikaikunja tena karatasi.

"Ulisema kwenye chai," akasema. "Kaseme kwenye chai."

Saa nne nikasimama mbele ya benchi. Karani alianza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, kanizoea. Nikaikunjua karatasi. Nikasoma tarehe, mlinzi akacheka. Nikasoma namba za moshi, karani akasema, "Huyu naye, leo katoka na hotuba." Nikaendelea. Vicheko vikapungua kimoja kimoja, kama matone yanapoisha kwenye bati. Nilipofika kwenye "fundi hana kosa, mimi ndiye niliyeificha hii", hakuna aliyekuwa anatafuna.

"Ukimaliza chai uje kwangu," mkuu akasema. "Na hiyo kalamu nyekundu uje nayo."

Shemeji alikuwa amesimama ukingoni mwa paa, bega moja mvuani. Akaenda bombani. Akanawa, sabuni, kucha, viwiko, akapunga mikono mpaka ikakauka, sote tunamngoja. Kisha akaja, akachukua kikombe changu, akakaa pale ninapokaa mimi siku zote, akanywa.