Shimo Nyuma ya Lesian

Katika miaka yote aliyosafisha picha za marehemu kwenye studio yake kando ya soko la Tengeru, Vaileth hakuwahi kuombwa aache wazi nafasi ya tarehe ya kifo.

"Andika 'Marehemu Lesian'," alisema Simel, aliyeketi nyuma yake, karibu mno. "Tarehe nitakuletea."

"Kwani mdogo wako hajafariki?"

"Yu taabani. Madaktari wamekata tamaa. Tunajiandaa mapema, dada yangu, tusije tukahangaika."

Vaileth hakutaka kumchokonoa mtu mwenye majonzi. Kwenye kompyuta alimvisha Lesian koti jeusi na tai, akamfuta jasho kwenye paji la uso, akaweka msalaba pembeni na maneno 'Marehemu Lesian' juu. Hata hivyo, mkono wake ulikuwa mzito. Ilimbidi aufute mkungu wa ndizi ambao kijana huyo alikuwa ameubeba begani huku akicheka, mashavu yamemjaa. Tena kompyuta ilionyesha kwamba picha ilipigwa asubuhi ile ile.

"Mgonjwa gani huyu abebaye mkungu?" alitania, akijilazimisha kucheka.

"Wewe fanya kazi. Na hilo la nyuma lifute."

Aliikuza picha. Nyuma ya Lesian, katikati ya migomba, palikuwa na rundo la udongo mbichi, na kando yake shimo.

"La nini?"

"La kupandia migomba."

Vaileth alikulia kijijini Kikwe. Mashimo ya migomba alikuwa ameyachimba tangu utotoni. Hili lilikuwa refu na jembamba, kingo zimenyooshwa kwa uangalifu. Na huko kwao mtu huzikwa shambani mwake, palepale nyumbani.

"Kwenu migomba hupandwa ikiwa imelala?"

Simel hakucheka. "Baba alipokufa, boma lilikwenda kwa kitinda mimba, kama desturi itakavyo. Mimi mkubwa nikaambiwa nikatafute pangu. Futa, dada."

Hapo sauti changamfu ikaita kutoka nje. "Kaka! Ndizi zimekwisha zote! Twende nyumbani tukamalizie ile kazi."

Akaingia Lesian mwenyewe, na jasho lile lile kwenye paji la uso. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," aliitikia Vaileth. Simel alinyoosha mkono ili aizime skrini, lakini Vaileth alimtangulia. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza kuelekea mlangoni.

Lesian aliangua kicheko. "Mmenivisha tai! Leo mimi mbunge!"

Kisha akalisoma neno lililotangulia jina lake. Macho yake yakashuka polepole, yakapita tai, yakapita bega, yakaenda kutua kwenye shimo ambalo Vaileth hakuwa amelifuta. Kicheko kikatoweka usoni mwake.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "si uliniambia ni la choo? Nimekusaidia kulichimba."

Simel aliinuka taratibu. Alipita nyuma ya mdogo wake, akausukuma mlango kwa kiwiko hadi ukafungika, na kelele za soko zikafifia.

"Dada," alisema bila kumtazama, "nilikuambia ufute."