Skrini ya Chumba cha Giza

Chumba nilichopewa na Wakoli, pale Donholm, hakina mwanga hata saa sita mchana. Dirisha lipo, lakini jirani alijenga ghorofa akalibana, ukilifungua unagusa ukuta wa watu. Nilikuja kwa siku tatu. Huu ulikuwa mwezi wa tano nikiwa humo. Nimelala kwenye magari, kwenye madarasa, kwenye magunia ya vitunguu, na sijapata usingizi kama wa chumba kile.

Basi Wakoli, mtoto wa dada yangu, akanunua projekta.

"Mjomba, giza lako limepata kazi," akaniambia tukinywa chai. "Hicho chumba nakifanya sinema. Wewe utahamia mtaa wa Lucky Summer kwa Kageha."

Kageha ni dada yake. Ana kipaza sauti cha maombi, na huanza saa kumi alfajiri.

"Na kwa vile ulizungusha sinema vijijini na lile gari la matangazo ya sabuni, twende unichagulie skrini."

Yaani nichague kitu cha kunitoa kitandani. Nikamwambia sawa, twende. Kufika Eastleigh nilikuwa nimeshapanga: namchagulia mbaya, sinema inamshinda, chumba kinarudi kwangu.

Mwenye duka, Abdimajid, mtu wa maneno laini, alitukunjulia tatu. Moja nyeupe ya kawaida isiyong'aa, moja ya kijivu, na moja ya rangi ya fedha, inametameta kama mabati mapya, inchi mia moja na hamsini. Wakoli akasimama mbele ya ile ya fedha asiondoke.

"Hii ukiiweka, majirani watahamia kwako," Abdimajid akasema.

Kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu. Nikanyamaza.

"Na ukae popote chumbani, utaona sawasawa."

Hapo nikashindwa. Niibie viatu nitanyamaza, lakini usidanganye mambo ya skrini mbele yangu.

"Popote wapi? Hiyo inampendelea aliyekaa katikati, wa pembeni anaona kivuli. Ya kijivu ni ya sebule yenye madirisha, inapigana na mwanga. Chumba chetu mwanga hakiujui. Giza likiwa kamili, chukua nyeupe isiyong'aa. Na inchi mia moja zinatosha, kile chumba ni hatua nne, usije ukaumia shingo kwa kufuata mpira."

Abdimajid akanitazama. "Mzee, njoo nikuandike kazi."

"Umemsikia mjomba," Wakoli akasema. "Funga nyeupe."

Nikajua nimejifukuza mwenyewe.

Jumamosi kuta zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi. Wakoli alikuwa ametoa hata balbu, eti giza likamilike. Godoro langu lilisimama kwenye korido, begi kando yake. Mkewe, Mbinya, alikuwa amemwalika kaka yake Munyoki, dereva wa lori, kwa mechi ya saa tisa mchana. Tukaingia kwa kupapasa.

Projekta ikawaka. Wachezaji wakatokea, kila mmoja ana maua usoni. Mpira ukipita katikati unamezwa na matundu, unatokea upande wa pili. Na toka goli hadi goli, kwa herufi nyekundu: KARIBU MGENI.

"Hiyo ni timu gani?" Munyoki akauliza.

"Mjomba," Wakoli akasema taratibu, "hii ndiyo nyeupe uliyonichagulia?"

Ningekaa kimya, skrini ingerudi dukani na godoro lingerudi ndani. Lakini aliyekuwa anachekwa pale ukutani ni mimi. Nikainuka, nikagusa. Uzi.

"Mbinya, mama, hiki ni nini?"

"Si ni kitambaa," akajibu. "Nimekishona wiki nzima. Makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, mtungi wa gesi una kitambaa. Kitu cheupe vile kikae uchi, wageni waseme nini?"

"Kinazuia picha," Wakoli akasema.

"Basi picha itoke, kitambaa kibaki."

"Shemeji, zoea," Munyoki akasema. "Mimi alinifunikia usukani."

Nikakitoa polepole. Picha ikatulia, safi, unaona jasho la refa. Waliokaa pembeni walikuwa wanaona kama wa katikati. Wakoli akanipiga begani. Mbinya hakutazama mpira. Alitazama kitambaa mikononi mwangu.

"Mechi ikiisha kinarudi. Kisiporudi, nang'oa hiyo misumari ya skrini."

"Na nani atakuwa anakipandisha kila siku?" Wakoli akauliza. " Mimi hutoka kazini nimechoka."

"Wewe hutakishika, una mikono ya grisi. Mzee ni mrefu, na mikono yake ni safi."

"Lakini Kageha ananingoja," nikasema, si kwa sauti kubwa.

"Kageha angoje," Mbinya akasema.

Siku hizi godoro hukaa limeviringishwa kwenye korido mpaka sinema iishe. Wakitoka, napandisha kitambaa, nanyoosha pembe zote nne, kisha natandika chini yake. Gizani siwezi kuyasoma yale maandishi. Nayapapasa, nikiyapata nalala.