Pakiti Sita za Maziwa

Kwenye kopo la hadina ya rangi palikuwa na picha ndogo ya mtu asiye na uso, na kifuani pake nyota imepasuka, kana kwamba ameingiwa na kitu kikakataa kutoka. Niliiona Ijumaa mchana, nimechuchumaa jikoni nikiyasukuma makopo nyuma ya ndoo ili mwanangu asiyafikie. Makopo hayo niliyabeba mwenyewe kutoka dukani. Nimeyalipia, nimeyaandika kwenye daftari, na picha ile sikuiona.

Nilisoma maandishi madogo yaliyokuwa chini yake. Mengi yalinishinda, lakini neno mapafu nalijua, na maneno "ya kudumu" nayajua.

Mume wangu anasambaza mikate ya kiwanda madukani kwa kigari cha mizigo alichoachiwa na marehemu baba yake mkubwa. Kilikuwa cha bluu, bluu iliyochakaa hivi kwamba ukiegemea unaondoka nayo mgongoni. Mwezi huo mkuu wa kiwanda akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu ile gari lolote lisilo jeupe na safi halipakii mkate. Mume wangu alikwenda kwa fundi rangi kuuliza bei, akatajiwa, akauliza kama bei hiyo ni pamoja na gari jingine. Akarudi nyumbani na uamuzi: tutapiga rangi wenyewe. Baba Mkubwa alikuwa fundi rangi maisha yake yote, naye alimwachia pia kompresa na bunduki ya kupulizia. Utoto wake wote mume wangu alikuwa akimshikia karatasi za kufunika vioo. Hesabu nikapewa mimi, maana aliye shule ya jioni ndiye mhasibu wa nyumba, hata kama anachohesabu ni vitunguu.

Mwenye duka la rangi ni mwanamke wa makamo, na chini ya kucha zake kuna kila rangi iliyowahi kuuzwa. Alituambia kuna njia mbili. Rangi ya mafuta ni rahisi, ila hukauka kwa kubembelezwa, siku tatu nzima, na kila nzi anayepita atatua aweke sahihi yake. Ya pili ni rangi inayochanganywa na hadina, kile kimiminika cha kuigandisha. Ukipiga asubuhi, jioni ni ngumu kama sahani. Ila ikishachanganywa haina subira; baada ya saa mbili inaanza kugandia koponi. Sisi tulikuwa na siku mbili tu za mwisho wa wiki. Tukachukua ya hadina, lita nne katika makopo mawili, na thina, na msasa, na gundi ya karatasi.

Ndipo mwenye duka akaweka kwenye kaunta barakoa ya mpira, nyeusi, yenye vichujio viwili vya duara pembeni. Bei yake ilikuwa sawa na lita mbili za rangi. Mume wangu akacheka, akamuuliza kama tunakwenda kupaka gari au kupigana vita. Akasema Baba Mkubwa alipiga magari miaka thelathini kwa kitambaa mdomoni na maziwa: pakiti moja kabla ya kazi, nyingine baada, maziwa yanaosha kifua.

Mwenye duka aliirudisha barakoa kwenye rafu. "Mimi nauza rangi," akasema. "Sibishani na maziwa."

Mimi niliamini. Ningeachaje? Kila fundi rangi niliyewahi kumwona alikunywa maziwa. Wachomeleaji wanakunywa, wasaga nafaka wanakunywa, na wako matajiri wanaowapa wafanyakazi wao pesa ya maziwa kando ya ujira. Nikafungua daftari, nikaandika "maziwa, pakiti sita", na nikajisikia mke mwerevu aliyeokoa fedha ya nyumba.

Sasa nilikuwa nimechuchumaa jikoni mbele ya yule mtu mwenye nyota, na mwanangu ameegemea bega langu. Ana miaka miwili na nusu. Tunamwita Kasuku kwa sababu hakuna neno linaloingia nyumba ile asilirudishe. "Hadina," aliniambia sikioni, taratibu, kama anayetoa siri. Nilimbeba nikamtoa nje.

Jioni ile darasani somo lilikuwa udongo. Nilinyoosha mkono nikauliza maziwa yanaoshaje kifua. Mwalimu alidhani natania. Aliponitazama vizuri, akafuta nusu ya ubao, akachora mdomo, akachora koo, kisha njia mbili zinazoachana. Akaweka chaki kwenye njia ya kwanza.

"Maziwa yanapita huku, yanakwenda tumboni," akasema. "Moshi na mvuke vinapita huku. Havikutani hata siku moja."

Nyuma yangu anakaa mchomeleaji mmoja, mtu wa mzaha. Alimwambia mwalimu kwamba akilisikia hilo tajiri wake, pesa ya maziwa ndiyo imekufa. Darasa likacheka. Kisha yeye mwenyewe akaacha kucheka kabla ya wengine, akabaki anaitazama ile michoro, na kiganja chake kikiwa kifuani bila yeye kujua.

Njiani nikimrudia mwanangu, niliyemwacha na baba yake, nilimkumbuka Baba Mkubwa. Nilipoolewa nilimkuta tayari ni mtu wa kukaa. Akivaa shati alipumzika kati ya kifungo na kifungo. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Nyumbani walisema ni baridi, kwamba mzee aliingiwa na baridi ujanani. Mimi ndiye niliyekuwa namfulia mashuka na kumpelekea bilauri ya maziwa kila asubuhi, na alipokuwa akinywa nilikuwa naona anavyokata pumzi katikati ya bilauri, macho yamemtoka, kama mtu anayezama kwenye kikombe. Miaka thelathini ya kuosha kifua.

Nilimweleza mume wangu yote, tukila. Alinisikiliza. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Aliniambia kwa upole kwamba mwalimu hajawahi kupiga gari rangi, na kwamba Jumatatu ni Jumatatu. Nilipolitaja jina la baba yake mkubwa aliinuka akaenda kunawa, na sahani yake ilikuwa bado na chakula.

Jumamosi asubuhi nilimkuta kwenye banda lililo ubavuni mwa nyumba. Wiki nzima, jioni akishamaliza mikate, alikuwa akisugua msasa na kupaka praima, ile rangi ya chini, kazi za nje tu, kwenye hewa. Sasa alikuwa amelizungushia banda karatasi za nailoni pande zote nne ili vumbi lisiguse rangi mbichi. Lilionekana kama chandarua cha mgonjwa mkubwa. Pakiti mbili za maziwa zilikuwa zimelala tupu kando ya mlango. Alikuwa amefungua kopo la kwanza, na kabla sijatamka neno akaanza kumimina hadina, kipimo kimoja kwa vinne, ikishuka polepole kama asali.

Rangi imekwisha kuchanganywa. Saa mbili zilikuwa zimeanza.

Nikamwomba nusu saa. Kopo la pili halijafunguliwa, nikasema, nitalirudisha dukani wanipe barakoa. Akaniuliza gari litapakwa nini basi, mate? Nikamwambia nimepiga hesabu: lita mbili zinatosha ubavu, milango na mbele, paa ndilo litabaki bluu.

"Paa libaki bluu?"

"Mkuu wa kiwanda ni mfupi," nikasema. "Umewahi kumwona ameangalia paa la kitu chochote?"

Nusura acheke. Alilikoroga kopo mara mbili tatu, akatazama juu ya gari, akanitazama mimi.

"Nenda," akasema. "Lakini rangi haingoji mtu."

Nilimfunga Kasuku mgongoni, nikashika kopo, nikatoka mbio. Kila hatua kopo lilinigonga goti, na kila lilipogonga nilisikia yale maneno yake ya mwisho, nisijue ni ruhusa au ni onyo. Dukani palikuwa na mteja aliyetaka kijani kisichokuwa kijani sana. Alifunuliwa makopo matano. Nilisimama nyuma yake nimeuma ulimi. Hatimaye mwenye duka akaniona, akaona kopo, na sikuhitaji kueleza. Alikagua mfuniko kama haujaguswa, akaishusha barakoa.

Aliongea haraka, na mimi nilishika kila neno. Avae mpira ugandane na ngozi; ndevu haziruhusiwi, mvuke unapita kwenye ndevu kama mwizi kwenye ua wa miti. Karakana kubwa huvuta hewa safi kwa bomba, na hii barakoa haifiki hapo, kwa hiyo nailoni zifunguliwe pande mbili, upepo upite. Mwenye mtoto akae mbali, upande upepo unakotoka.

"Na vumbi?" nikamuuliza.

"Vumbi utalipiga msasa. Pafu hulipigi msasa."

Nilikuwa nimebakiza kona moja kufika nyumbani niliposikia kompresa inanguruma.

Sijui nilivyoimaliza ile kona. Nakumbuka waya mwekundu unaotokea dirishani, nakumbuka niliuvuta kwa nguvu hadi plagi ikaruka na kunipiga kifundo cha mguu. Ngurumo ikakatika. Lakini ndani ya nailoni bunduki iliendelea, ssss, ssss, kwa hewa iliyokwisha jaa kwenye tangi, nami nikiona kivuli chake kinakwenda na kurudi katika ukungu mweupe. Nilimwita. Kivuli kikaendelea. Nilimwita kwa jina lake kamili, ambalo simwiti.

Akatoka. Kitambaa kilikuwa mdomoni, kimelowa, na kope zake zimekuwa nyeupe kama za mzee. Macho yalikuwa mekundu. Alianza kusema kitu, na neno halikuja. Alijaribu tena. Akashika ukuta, akashuka hadi kwenye ngazi, akakaa ameinama mikono magotini, na mabega yake yakaanza kupanda na kushuka. Kutoka kifuani mwake ilitoka sauti nyembamba, kama mlango wa mbali unaohitaji mafuta.

Nilimvua kitambaa. Nilimsogeza palipo na upepo, nikarudi nyuma na mtoto, nikasimama hatua kadhaa kutoka kwake kwa sababu nguo zake zilikuwa zikinuka kile kitu, na kusimama mbali naye ndiko kulikoniuma kuliko yote. Nilihesabu pumzi zake. Nilifika arobaini na sauti ile haijapungua. Niliwaza zahanati iko umbali gani, nani atatupeleka, gari letu liko ndani ya nailoni na vioo vimezibwa karatasi.

Ndipo mgongoni kwangu Kasuku akaanza. "Hiii," akafanya. "Hiii. Hiii." Ile ile, nyembamba, na katikati akikata pumzi kama alivyokuwa akikata baba yake. Alikuwa akicheza tu.

Mume wangu akainua kichwa. Nilitaka kumnyamazisha mtoto, yeye akanizuia kwa kiganja. Alisikiliza. Sikuwahi kumwona mtu akisikiliza kwa hofu namna ile. Taratibu sauti ya kifua chake ikalegea, ikabaki ya mtoto peke yake, na baadaye hata mtoto akachoka.

"Hivyo ndivyo Baba Mkubwa alivyokuwa akipumua," mume wangu akasema, sauti imekwaruza. "Mwaka wa kwanza wa ugonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Akaniambia nikisema nyumbani, watamkataza kazi."

Niliweka barakoa chini kati yetu, nikamwambia kuhusu ndevu.

Alitaka kuacha, na mimi nilitaka aache. Lakini ulikuwa mlango mmoja tu uliopakwa, na Jumatatu ilikuwa palepale. Tulikaa nje karibu saa nzima, akanywa maji, akatembea hadi mtaa wa pili na kurudi, na nilimtazama akirudi kama anayesahihisha mtihani. Alipumua sawa. Akaenda beseni, akanyoa zile ndevu anazojivunia, na kidevu kilichojitokeza kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Kasuku alikataa kumsogelea. Tukakunja nailoni upande wa barabarani na upande wa ua, upepo ukapita. Rangi koponi ilikuwa imeanza kuwa nzito. Akaongeza thina kidogo, akasema itatoka na vipele kama ganda la chungwa. Nikamwambia machungwa nayapenda.

Alivaa barakoa, akaziba vichujio kwa viganja na kuvuta hewa kama mwenye duka alivyonielekeza. Mpira ukamfyonza mashavuni. Hakuna kilichovuja. Nilimpa sharti. Wao wanaita kila mpako mkono: mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikasema kila akimaliza mkono mmoja atoke nje aniinulie wa kwake, na akichelewa nakata umeme, hata gari libaki na milia.

Tukaenda kusimama getini, mimi na mtoto, upepo ukitupiga mgongoni. Kompresa ikanguruma. Baada ya muda, mkono ukatokea upande wa ua, ukapunga, ukarudi. Nilipumua. Baada ya muda mwingine, wa pili.

Mkono wa tatu ulichelewa. Bunduki ilikuwa imenyamaza, kompresa nayo ikazima yenyewe, tangi limejaa. Nilisikia mtaa wote: ndoo, redio, mtu akifunga mlango. Nilihesabu hadi ishirini. Nilihesabu hadi thelathini, nikamshusha Kasuku chini, nikavua viatu ili nikimbie vizuri, na nilikuwa nimekwisha inua mguu.

Nailoni ikatikisika. Mkono ukatoka, umetapakaa nyeupe hadi kwenye kiwiko, umefunguka. Niliuhesabu vidole vyote vitano, kama nilivyohesabu vya mwanangu siku aliyozaliwa, na sikuacha kuuangalia mpaka mwili wote ulipoufuata.