Mashimo ya Bartolomayo

Jumanne, saa tatu asubuhi, fundi Habibu aliikandamiza kona ya nyuma ya Pijo 504 nyeupe kwa mikono miwili, akaiachia, akahesabu. Gari lilidunda mara sita ndipo likatulia. Lenye shokapu nzima hudunda mara moja, likakaa. Alilala chini, akapapasa shokapu ya kushoto, na mkono ukarudi na tope la mafuta na vumbi.

"Zimejaa, mama," alisema. "Shokapu ikijaa, huvuja."

Zipora, mwenye gari, alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu. Alikuwa ametoka Ching'weli, kijiji kilicho mbele ya Mlali, akiendeshwa na Damas, mdogo wa marehemu mumewe. Mjini Dodoma mafundi watatu walimwambia azitupe shokapu hizo afunge za Noah. Wa nne ndiye aliyemwelekeza aje Zuzu, nje ya mji, kwa huyu Mrangi anayezifungua shokapu za zamani na kuzirudishia uhai.

Haja yake ilikuwa moja. Binti yake Hilda alikuwa na mimba ya pacha, na mkunga wa zahanati alisema kondo la nyuma limekaa chini. Ilibidi afikishwe hospitali mjini kabla ya Ijumaa, na njiani asitikiswe. Kutoka Ching'weli hadi kwenye lami ni kilomita thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kuzipita bila kutikiswa.

Habibu aliibana shokapu ya kushoto kwenye jiliwa, akafungua kifuniko, akaiinamisha. Yalitoka mafuta meusi, kama kikombe kimoja. Kisha likatoka shimo.

Lilikuwa dogo, la ukubwa wa sufuria ya ubwabwa, lenye udongo mwekundu ukingoni. Habibu alilisogeza kwa mguu lisije likamwangusha mtu, akaendelea kumimina. Likatoka la pili, na la tatu lililokuwa refu kama hori la ng'ombe.

Zipora aliinuka akayatazama. "Hilo la kwanza ni Mwenyekiti," alisema.

Marehemu Bartolomayo aliliendesha gari lile miaka ishirini na sita, akiwapeleka watu mnadani, kanisani na hospitali, na kila shimo la njia ile alikuwa amelipa jina. Mwenyekiti halikukosa mahali pake, masika wala kiangazi. Mama Mkwe lilikuwa pana, na ukilifikia ilikupasa kupunguza mwendo na kusalimia. Bartolomayo alikuwa akivua kofia na kusema kwa Kigogo "Mbukwenyi", na abiria wote waliitikia kwa niaba ya shimo.

Damas aliuliza Mama Mkwe yuko wapi, mbona haonekani.

"Yuko humu kwenye ya kulia," Habibu alisema. "Bado anajifunga kanga."

Kufika adhuhuri shokapu ya kushoto ilikuwa imetoa mashimo arobaini, na hapakuwa na pa kukanyaga. Batuli, mama anayeuza chapati ng'ambo ya barabara, alikuja kuomba moja la kupandia mpapai, kwa kuwa ardhi ya Zuzu mwezi ule ilikuwa ngumu na jembe lilidunda. Zipora akampa. Baada ya Batuli walikuja wengine. Familia moja inayokaa jirani na reli ilichukua matatu yenye kina, ikayapanga moja juu ya jingine, ikapata choo. Mwalimu alichukua kumi na moja kwa ajili ya miti ya shule, akaomba yanayolingana. Kijana mmoja alifunga lake nyuma ya bodaboda, likamdondoka katikati ya barabara, na magari yakalikwepa mpaka aliporudi na mwenzake kulichukua. Watu walicheka. Zipora naye alicheka, akiziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Saa nane Habibu aliifungua shokapu ya kulia. Mama Mkwe lilitoka mapema, na watu wakalipisha. Damas alivua kofia.

La mwisho lilitoka taratibu, kwa sababu lilikuwa na maji. Lilikuwa shimo la korongoni, nalo halikuwa na jina. Februari ya mwaka juzi Pijo lilizama humo tangu mchana hadi jua likatua, na Bartolomayo, aliyekuwa akikimbizwa hospitali kwa maumivu ya kifua, alifia kwenye kiti cha nyuma. Juu ya maji ilielea kandambili ya buluu, ya mguu wa kushoto. Zipora alikuwa ameitafuta siku tatu. Aliiokota, akaikung'uta, akaitia kwenye mkoba. Batuli alisogeza watu nyuma kidogo.

"Hili sitoi," Zipora alisema. "Narudi nalo nyumbani."

"Sawa, mama. Tulibebe wima au lilale?"

"Lilale. Maji yasimwagike."

Saa kumi alikuja bwana mmoja wa mambo ya barabara, aliyevaa kizibao cha njano. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliyapima mashimo yaliyobaki, akayafuata hata yale yaliyokwisha kugawiwa, akayapiga picha, akaandika kwamba mashimo ya barabara ya Ching'weli yameondolewa. Damas alimweleza kwa heshima kwamba barabara bado ina mashimo yake yote, na kwamba wao wameyapita jana. Bwana yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu yangu," alisema, "shimo moja haliwezi kuwa sehemu mbili."

Alimshukuru Zipora, akachagua shimo moja la kupandia mlimao kwake, akaondoka.

Habibu alibadilisha sili zote mbili, akatia mafuta mapya, akazipampu shokapu kwa mkono mpaka hewa ikaisha, akazifunga. Alipoikandamiza ile kona ya gari, lilidunda mara moja, likakaa.

Jumatano walirudi Ching'weli. Shimo la korongoni waliliweka nyuma ya jiko, na kabla jua halijazama bata walikuwa wameshaingia. Hilda aliletewa kiti akawatazama. Dume moja lilikuwa likizamisha kichwa na kuinua makalio bila kukoma. Hilda alicheka hadi mama yake akamwomba apunguze, asije akajitikisa mwenyewe.

Alhamisi asubuhi waliondoka. Mashimo yote yalikuwa mahali pake. Shokapu zilikuwa tupu, zikayameza moja baada ya jingine, na Zipora akayasalimia kwa majina kama alivyokuwa akifanya mumewe. Kabla ya kilomita ya tano Hilda alikuwa amelala. Kwenye korongo Damas alipunguza mwendo, na gari likapita kama linakanyaga godoro.

Saa sita walifika hospitali. Muuguzi aliuliza kama mgonjwa ametikiswa, maana kina mama wa upande ule hufika kanga zimelowa damu. Hilda alijibu kwamba hakujua lolote, alikuwa usingizini. Muuguzi alifurahi. Kwenye fomu, mahali panapoulizwa hali ya njia, aliandika: *Barabara nzuri.*

Alasiri Hilda alipasuliwa, wakatoka watoto wawili wazima, wa kike akiwa mbele. Wodini Zipora aliikuta fomu ile imening'inizwa miguuni pa kitanda. Aliisoma mara mbili. Muuguzi alipoingia na watoto, Zipora alimwambia kwamba hapo pamekosewa, barabara ile si nzuri hata kidogo, wala haijawahi kuwa.

"Kalamu ninayo, mama, ila mikono imejaa," muuguzi alisema. "Nipokee kwanza huyu."

Zipora akampokea. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyotazamia, na alikuwa akipiga chafya.